Askari, mhandisi, mume: tusome upya wasifu wa Washington Roebling

Msibani kwetu wasifu wa marehemu una mpangilio wake. Alizaliwa lini na wapi, alisoma wapi, aliajiriwa na nani, alipanda vyeo gani, alistaafu lini. Waombolezaji wakishaanza kuangalia saa, ndipo inapokuja sentensi ya mwisho: ameacha mjane, watoto na wajukuu. Hapo karatasi inakunjwa na ratiba inaendelea. Watu walioishi naye ndani ya nyumba, wakamuuguza, wakambebea siri na hofu zake, wanaambulia nusu mstari.

Sina ugomvi na vyeo. Mtu aliyeipigania nchi yake kisha akaijengea anastahili kutajiwa hayo kwa sauti. Ninachokikataa ni ule mpangilio, kwa sababu unatuzoesha kuamini kwamba kazi ni jambo moja na nyumbani ni jambo jingine, na kwamba mkubwa alikuwa mkubwa akishatoka tu mlangoni kwake. Wa kunisaidia kulieleza hili ni Mmarekani aliyefariki mwaka 1926, Kanali Washington Roebling, mhandisi mkuu wa Daraja la Brooklyn jijini New York. Alikuwa askari, alikuwa mhandisi, alikuwa mtu wa familia. Ukiyatenganisha hayo matatu, huwezi kueleza daraja lile lilijengwaje.

Alizaliwa tarehe 26 Mei 1837 Saxonburg, Pennsylvania, kijiji kilichoanzishwa na baba yake, John Roebling, mhamiaji kutoka mji wa Mühlhausen, Ujerumani. Mzee John alikuwa na kichwa cha ajabu. Alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kutengeneza kamba za waya nchini Marekani, na kwa kamba hizo akajenga madaraja ya kuning'inia ambayo wahandisi wenzake walidhani hayatasimama. Nyumbani kwake lakini palikuwa pa moto. Washington alipozeeka aliandika maisha ya baba yake, na hakuficha kitu: aliusifu uhodari wake, na akaeleza pia vipigo walivyopata watoto na mama yao. Namheshimu sana kwa hilo. Watoto wengi wa wazee maarufu huchagua moja, wamsifu mzee mpaka asitambulike au wamkatae kabisa. Yeye alisema yote mawili, tena bila kupaka rangi.

Alihitimu uhandisi mwaka 1857 katika chuo cha Rensselaer, Troy, akaenda kumsaidia baba yake kujenga daraja mjini Pittsburgh. Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilipozuka mwaka 1861 aliingia jeshi la Kaskazini akiwa askari wa kawaida asiye na cheo. Haikuchukua muda wakubwa wakajua kijana huyu anaweza kufanya nini na waya. Mwaka 1862 akatumwa kuwajengea wanajeshi daraja la kuning'inia kwenye mto Rappahannock, kisha jingine kwenye mto Shenandoah pale Harpers Ferry. Madaraja ya vita hayana anasa. Yanajengwa kwa kilichopo, haraka, na adui anaweza kuyabomoa wiki inayofuata. Nadhani pale ndipo alipojifunza kutofungamana na sifa ya kazi, jambo lililomsaidia baadaye maisha yalipombana.

Tarehe 2 Julai 1863 alikuwa Gettysburg, akiwa msaidizi wa Jenerali Gouverneur Warren, mhandisi mkuu wa jeshi lile. Warren alipanda kilima kinachoitwa Little Round Top akakuta hakina askari wa kukilinda, huku jeshi la Kusini likijongea chini yake. Kilima kile kingechukuliwa, ubavu wote wa kushoto wa jeshi la Kaskazini ungekuwa wazi. Wajumbe wakatoka mbio kutafuta vikosi, na mizinga ikapandishwa juu kupitia mawe makubwa mahali ambapo farasi hawakuweza kuivuta peke yao. Roebling alikuwa miongoni mwa waliotia bega. Aliiona vita karibu mpaka mwisho, akatoka na cheo cha heshima cha kanali, na kwa maisha yake yote watu walimwita hivyo, Kanali.

Hapa wasifu wa kawaida ungerukia moja kwa moja kwenye daraja. Mimi nasimama kwanza, kwa sababu nyumba yake ilianzia vitani. Jenerali Warren alikuwa na dada aliyeitwa Emily. Mwezi Februari 1864 Emily alikuja kambini kumtembelea kaka yake, ikafanyika dansi ya maofisa, na Roebling akapendeka, au tuseme alipenda hadi akashindwa kukaa kimya. Alimwandikia barua kutoka mahandakini, barua nyingi ambazo zimehifadhiwa mpaka leo. Ni barua za mtu anayeona wenzake wanakufa kila siku na ambaye kwa mara ya kwanza ana sababu yake binafsi ya kutaka kurudi mzima. Walifunga ndoa tarehe 18 Januari 1865 huko Cold Spring, kwao Emily.

Mwaka 1867 walivuka bahari kwenda Ulaya. Baba alikuwa na mpango wa kuunganisha New York na Brooklyn, miji miwili tofauti wakati ule, kwa daraja la urefu ambao dunia haikuwa imeuona, na alimtuma mwanawe akajifunze jinsi Waingereza, Wafaransa na Wajerumani wanavyojenga misingi chini ya maji. Emily alikuwa mjamzito. Mtoto wao wa pekee alizaliwa mwezi Novemba mwaka huo Mühlhausen, mji wa babu yake, akapewa jina la babu. Safari ya kikazi, ujauzito na uzazi vilikwenda pamoja, na Emily hakuwa msindikizaji. Mambo yale yale ambayo mumewe alikuwa akiyasoma juu ya misingi ya madaraja naye aliyasikia, akayaona na kuyazungumza mezani. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba kuna siku yatahitajika.

Mwezi Juni 1869, mzee John akiwa ukingoni mwa mto akipima sehemu ya mnara, kivuko kiligonga gati na mguu wake ukasagwa. Vidole vilikatwa, akakataa maelekezo ya madaktari akashikilia tiba yake ya maji, na pepopunda ikamuua tarehe 22 Julai. Washington alikuwa na miaka 32. Baba amezikwa, mtoto hajatimiza miaka miwili, na mradi mkubwa kuliko yote nchini umeachwa mikononi mwake, sehemu kubwa ikiwa haijachorwa kwa undani.

Kazi ya kwanza ilikuwa misingi. Chukua bilauri, ifudikize, uizamishe wima kwenye ndoo ya maji: ndani inabaki hewa. Keisoni ndivyo ilivyo, ila hii ya Brooklyn ilikuwa sanduku la mbao lenye urefu wa mita 51 na upana wa mita 31, halina sakafu, limezamishwa chini ya mto na kujazwa hewa ya kushindiliwa ili maji yasiingie. Ndani yake wanaume walichimba tope na mawe, na juu yake mnara ukawa unajengwa, uzito wake ukilisukuma sanduku chini kadiri walivyochimba. Humo ndani joto lilikuwa kali mchana na usiku. Sauti za watu zilikuwa nyembamba kama za watoto, hakuna aliyeweza kupiga mluzi, na mshumaa ukiuzima kwa kuupuliza ulikuwa unajiwasha tena kwa sababu ya hewa ile nzito.

Upande wa Brooklyn kulikuwa na miamba mikubwa, na kuna wakati keisoni ilishuka kama sentimita 15 tu kwa wiki. Baruti ingesaidia, lakini nani angethubutu kulipua baruti ndani ya sanduku lililojaa hewa ya kushindiliwa na watu? Masikio yangepasuka? Hewa ingelipuka na kutoka, mto ukaingia? Roebling hakuiacha hesabu hiyo kwa vibarua. Alishuka mwenyewe na bastola, akafyatua ndani ya keisoni, akaongeza baruti kidogo, akafyatua tena, kila mara akisikiliza na kuangalia. Alipohakikisha hakuna madhara, ndipo akaruhusu milipuko midogo midogo, na kazi ikaenda kasi. Nikitakiwa kuchagua tukio moja la kumweleza mtu huyu ni nani, nachagua hilo. Askari aliyezoea silaha, mhandisi asiyeamini kitu mpaka akipime, na kiongozi anayejaribu kwa mwili wake kabla ya kumwambia mwingine ajaribu.

Mwili huo ndio uliolipa. Mwanzoni mwa Desemba 1870 mshumaa uliwasha moto kwenye maungio ya dari ya keisoni, na moto ukajichimbia ndani ya mbao nene ambako hauonekani. Roebling alikaa chini kwa saa nyingi usiku ule akiongoza uzimaji, akapandishwa juu akiwa hajiwezi, akapelekwa nyumbani. Kabla hakujapambazuka akaitwa tena: moto bado unaendelea kula mbao. Akarudi, akatoa amri keisoni yote ijazwe maji. Iliwachukua maseremala miezi kutoa mkaa na kuziba mashimo.

Keisoni ya Manhattan, yaani upande wa New York, ilikwenda chini zaidi, karibu mita 24, na kadiri walivyoshuka watu walianza kuugua. Mtu anatoka kazini mzima, baada ya muda mfupi anajikunja kwa maumivu ya viungo, miguu inakufa ganzi, mwingine anapooza. Daktari wa mradi, Andrew Smith, alihudumia wagonjwa 110. Leo sababu inajulikana: ukikaa kwenye shinikizo kubwa, nitrojeni inayeyuka kwenye damu, na ukitoka haraka inageuka mapovu ndani ya mishipa, hivyo dawa ni kupanda polepole. Wazamiaji wa majongoo bahari wa pwani yetu, wanaoshuka na mitungi na kupanda kwa pupa, wanaujua ugonjwa huu kwa miguu iliyokufa, na inasikitisha kwamba kitu kilichoeleweka tangu karne ya 19 bado kinalemaza vijana.

Wafanyakazi walipoanza kufa mwaka 1872, Roebling alikuwa na uamuzi mgumu. Mwamba ulikuwa chini zaidi. Kuufikia kungegharimu maisha mengi. Vipimo vilionyesha kwamba mchanga walioufikia ulikuwa umeshikamana sana na haujatikisika kwa zama na zama. Mwezi Mei aliamuru wasimame pale pale. Mnara wa upande wa Manhattan umekaa juu ya mchanga mpaka leo. Watu husimulia ushujaa wa wanaoendelea mbele. Mimi nadhani ushujaa wake mkubwa, kuliko ule wa Gettysburg, ulikuwa huu wa kusema inatosha, akijua kwamba akikosea daraja litainama mbele ya macho ya dunia nzima na jina la baba yake litainama nalo.

Yeye mwenyewe alikuwa ameshuka mara nyingi mno. Mwaka huo huo alianguka, na kutoka hapo hakuwa mzima tena. Maumivu, macho kufifia, neva zisizovumilia kelele wala maongezi marefu. Akiamini kwamba huenda hatafika mwisho wa mradi, alitumia majira ya baridi kuandika maelekezo, kurasa kwa kurasa, akieleza kila hatua iliyobaki kwa wasaidizi wake. Hakuweza tena kukanyaga eneo la ujenzi.

Na hapa ndipo mpangilio wa wasifu wetu unapovunjika. Emily akawa macho, masikio na miguu ya mradi. Alijifunza hisabati, nguvu za vifaa, mkunjo wa kamba zinazoning'inia na lugha ya mikataba. Alikwenda eneo la kazi, akarudi na maswali, akaondoka na majibu. Alipokea wakandarasi na maofisa, akaandika barua, akatunza kumbukumbu, na kila siku akaamua mgonjwa aambiwe nini na aepushwe nini. Walipohamia tena Brooklyn, nyumba ilikuwa Columbia Heights, mahali ambapo mume aliweza kuliona daraja dirishani kwa darubini. Miaka zaidi ya kumi ya ujenzi iliongozwa kutoka chumba cha mgonjwa.

Siku hizi wapo wanaosema mhandisi halisi alikuwa Emily na Washington alikuwa jina tu. Naelewa wanakotokea, maana wanawake wameporwa sifa zao kwa muda mrefu. Hata hivyo sikubaliani nao. Kurasa zile za maelekezo ni za mkono na akili ya Washington, na wahandisi wasaidizi waliozitekeleza walijua zinatoka kwa nani. Kumpa Emily kazi ya mumewe ni kuificha kazi yake mwenyewe, ambayo haikuwa ndogo wala haikuwa na jina kwenye muundo wa kampuni yoyote. Bila yeye akili ile ingekuwa imefungiwa chumbani. Walilijenga wawili, kwa namna ambayo mtu na mkewe tu wanaweza kujenga, ambako mmoja anaanza sentensi na mwingine anajua inakwenda kuishia wapi.

Mtihani ulikuja mwaka 1878. Roebling alikuwa ameuza hisa zake katika kampuni ya familia ili asije akaambiwa anajipendelea, na bodi iliyosimamia daraja ikampa zabuni ya waya mfanyabiashara J. Lloyd Haigh. Haigh alikuwa akipeleka waya mzuri kukaguliwa, na njiani anaubadilisha na ule uliokataliwa. Ujanja ulipogunduliwa, waya mbovu ulikuwa umeshaingia kwenye kamba na haukuweza kutolewa. Mhandisi mwingine angechanganyikiwa. Yeye alikuwa amepanga nguvu ya kamba iwe mara sita ya inayohitajika, akapiga hesabu akiwa kitandani, akaagiza kila kamba iongezwe waya wapatao 150 kwa gharama ya Haigh mwenyewe. Kila moja ya kamba nne ikawa na waya 5,434. Hizo ndizo zinazobeba magari, na ndani yake ule waya mbovu bado umo.

Mwaka 1882 Meya wa Brooklyn, Seth Low, alitaka mhandisi mgonjwa aondolewe, na bodi ikapiga kura. Alibakishwa kwa kura 10 dhidi ya 7. Ninapoisoma hesabu hiyo nakasirika bado. Mtu amepoteza afya kazini, kila kamba na kila jiwe limekwenda kama alivyoandika, na wanasiasa saba wanaona aibu kwamba hawamwoni ofisini.

Daraja lilifunguliwa tarehe 24 Mei 1883, miaka 14 baada ya kifo cha mzee John. Urefu kati ya minara miwili ni mita 486, mrefu kuliko daraja lolote la kuning'inia la wakati ule. Gharama ilifika takriban dola milioni 15, na watu wasiopungua 20 walikufa katika ujenzi. Emily alikuwa ameshavuka kwa gari la farasi siku kadhaa kabla, mikononi amebeba jogoo kuwa ishara ya ushindi. Siku ya sherehe, mmoja wa wazungumzaji, Abram Hewitt, alimtaja kwa jina, akasema daraja lile ni ukumbusho wa kujitoa kwa mwanamke na wa uwezo wake katika elimu ya juu aliyonyimwa kwa muda mrefu. Roebling hakuhudhuria. Rais Chester Arthur ndiye aliyemfuata nyumbani.

Baadaye walihamia Troy kwa miaka michache, mji ambao mtoto wao alikuwa akisoma chuo kile kile alichosoma baba yake, kisha wakarudi Trenton, New Jersey, kwenye kiwanda cha familia. Emily alisomea sheria Chuo Kikuu cha New York na kupata cheti mwaka 1899. Alifariki Februari 1903, na yule aliyedhaniwa kuwa atakufa kabla ya minara kukamilika akabaki. Mwaka 1908 alioa tena. Mwaka 1912 mtoto wa mdogo wake, aliyepewa jina lake, alizama na Titanic. Wadogo zake walioendesha kampuni wakafariki mmoja baada ya mwingine, na mpwa aliyewarithi akafariki ghafla mwaka 1921.

Kanali akachukua urais wa kampuni akiwa na miaka 84. Alikwenda kazini kwa tramu kama wafanyakazi wengine, akabadili mitambo ya kiwanda kutoka mvuke kwenda umeme, na kampuni ikapata kazi ya kamba za Daraja la Bear Mountain, juu ya mto Hudson, lililofunguliwa 1924. Watu waliendelea kumchanganya na baba yake. Aliwahi kuandika kwamba wengi wanadhani alikufa mwaka 1869.

Kwa miaka mingi aliyoishi na maumivu alikuwa amekusanya madini, kwa sababu mawe hayapigi kelele na unaweza kuyatazama ukiwa umekaa. Alipofariki tarehe 21 Julai 1926, akiwa na miaka 89, mkusanyiko ulikuwa na vipande zaidi ya 16,000. Mwanawe, yule aliyezaliwa Mühlhausen katikati ya safari ya kikazi, aliutoa wote kwa taasisi ya Smithsonian mjini Washington, na watafiti wa madini wanautumia mpaka sasa.